Bima ya Maisha Yenye Akiba: Hesabu ya Anayefariki na Hesabu ya Anayebaki

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi, ajenda ya makato inapofikiwa, huzuka swali ambalo halmashauri aghalabu hushindwa kulijibu. Wanachama wawili walikata bima ya maisha ya namna moja, katika msimu mmoja, kwa kiasi cha shilingi 1,000,000 na kwa muda wa miaka 5. Mmoja alifariki baada ya kulipa ada mara mbili tu, na mjane wake akapewa shilingi 1,000,000. Wa pili alilipa ada zote tano, muda wa mkataba ukatimia naye yu mzima, akapewa shilingi 1,000,000 zile zile. Huyu wa pili husimama na kuuliza: "Mwenzangu alilipa kidogo, mimi nimelipa mara tano. Je, sikudhulumiwa?"

Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake halipatikani kwa maneno ya kubembeleza. Hupatikana kwa hesabu. Mwanachama asiyeielewa hesabu hii huweza kuacha kulipa ada katikati ya safari, akaiacha familia yake bila kinga, au huweza kuuziwa bima isiyolingana na haja yake. Kwa hiyo yafaa kila katibu na kila mweka hazina aweze kuieleza mbele ya mkutano, kwa chaki na ubao.

Ahadi mbili katika hati moja

Bima ya maisha yenye akiba ni hati moja iliyobeba ahadi mbili. Ahadi ya kwanza ni ya kifo: mwenye bima akifariki kabla ya muda kutimia, kiasi kilichokatiwa bima hulipwa kwa aliowataja katika hati. Ahadi ya pili ni ya uhai: akiwa hai siku muda unapotimia, kiasi hicho hulipwa kwake mwenyewe.

Ahadi hizi mbili haziwezi kutimia pamoja kwa mtu mmoja, wala haziwezi kukosa kutimia zote. Ama mtu atafariki ndani ya muda, ama ataupita muda akiwa hai. Basi katika bima ya namna hii kila aliyelipa ada zake kikamilifu hulipwa. Kisichojulikana ni siku tu. Hapo ndipo inapotofautiana na bima ya kifo pekee, ambayo humlipa anayefariki ndani ya muda na haimpi kitu anayebaki.

Kwa kuwa ahadi ni mbili, bei nazo ni mbili. Ada anayokatwa mwanachama ni jumla ya bei ya ahadi ya kifo na bei ya ahadi ya uhai. Mkulima anayeona tarakimu moja tu katika stakabadhi yake hajui ni shilingi ngapi zinaijengea familia yake kinga, na ni ngapi zinarudi kuwa akiba yake mwenyewe. Hesabu inayofuata inazitenganisha.

Idadi ya vifo

Hakuna ajuaye siku ya kufa kwake. Lakini watu wakiwa wengi, idadi ya watakaofariki katika mwaka huweza kukadiriwa kwa karibu. Mwaka 1693 Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alichapisha jedwali alilolitengeneza kutokana na kumbukumbu za vizazi na vifo vya mji wa Breslau, ambao leo huitwa Wrocław na umo nchini Poland. Jedwali hilo lilionyesha jinsi kundi la watu linavyopungua mwaka hadi mwaka kadiri umri unavyosonga. Baadaye James Dodson, mwalimu wa hisabati aliyefariki mwaka 1757, alionyesha jinsi ada ya bima inavyoweza kupangwa kwa umri wa mtu na kubaki ile ile kwa muda wote. Mwaka 1762 ikaanzishwa mjini London jumuiya ya bima ya Equitable, iliyoifuata njia hiyo. Jumuiya hiyo ilikuwa mali ya wenye bima wenyewe, jambo ambalo mwanaushirika hawezi kulipita bila kulitazama.

Kwa ajili ya maelezo haya, ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Watu 1,000, wote wenye umri wa miaka 40, wanakata bima ya shilingi 1,000,000 kila mmoja kwa miaka 5. Ikadiriwe kuwa katika mwaka wa kwanza watafariki 4, wa pili 4, wa tatu 5, wa nne 5, na wa tano 6. Jumla ya watakaofariki ni 24, na watakaobaki ni 976. Jedwali halisi la vifo lina tarakimu zake, lakini njia ya kuhesabu ni hii hii.

Thamani ya leo

Jambo la pili ni riba. Fedha za ada hazilali kabatini. Huwekwa mahali pa kuzaa faida. Tuseme faida ni asilimia 5 kwa mwaka. Shilingi 952,381 zikiwekwa leo zitakuwa shilingi 1,000,000 baada ya mwaka mmoja. Shilingi 783,526 zikiwekwa leo zitafikia shilingi 1,000,000 baada ya miaka 5. Kwa hiyo shilingi 1,000,000 ya mwaka wa tano, kwa macho ya mhasibu, ni shilingi 783,526 za leo. Hiyo ndiyo huitwa thamani ya leo.

Sasa ahadi ya uhai. Kati ya watu 1,000, watakaolipwa mwishoni ni 976. Thamani ya leo ya shilingi 783,526 ikizidishwa kwa 976 na kugawanywa kwa 1,000, kila mmoja anatakiwa achangie shilingi 764,722 kama angelipa zote siku ya kwanza.

Kisha ahadi ya kifo. Watu 4 wa mwaka wa kwanza huzidishwa kwa thamani ya leo ya malipo ya mwaka wa kwanza, 4 wa mwaka wa pili kwa thamani ya mwaka wa pili, na kuendelea hivyo hadi wale 6 wa mwaka wa tano. Inachukuliwa hapa kwamba malipo ya kifo hutolewa mwisho wa mwaka. Jumla ikigawanywa kwa watu 1,000, kila mmoja anatakiwa achangie shilingi 20,571.

Ahadi zote mbili kwa pamoja zinagharimu shilingi 785,293 kwa malipo ya mara moja. Lakini mkulima halipi mara moja. Hulipa kila msimu, na anayefariki haendelei kulipa. Hilo nalo huingizwa katika hesabu: malipo ya shilingi moja kila mwanzo wa mwaka, kwa watu wanaopungua kutoka 1,000 hadi 982, yana thamani ya leo ya shilingi 4.5088 kwa kila aliyeanza. Shilingi 785,293 zikigawanywa kwa kiasi hicho, ada ya mwaka hupatikana kuwa shilingi 174,167. Ndani yake, shilingi 4,562 ni bei ya ahadi ya kifo na shilingi 169,605 ni bei ya ahadi ya uhai.

Daftari la watu 1,000

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu hii yaweza kuthibitishwa kwa kufungua daftari kama la chama chochote, na kuacha senti zote. Kila mwanzo wa mwaka walio hai hulipa ada. Fedha zote zilizomo huongezwa asilimia 5. Mwisho wa mwaka familia za waliofariki hulipwa.

Mwaka wa 1: walipaji 1,000, ada 174,167,000, pamoja na faida 182,875,350, malipo ya vifo 4,000,000, baki 178,875,350.

Mwaka wa 2: walipaji 996, ada 173,470,332, baki ya nyuma, ada na faida 369,962,966, malipo ya vifo 4,000,000, baki 365,962,966.

Mwaka wa 3: walipaji 992, ada 172,773,664, jumla na faida 565,673,461, malipo ya vifo 5,000,000, baki 560,673,461.

Mwaka wa 4: walipaji 987, ada 171,902,829, jumla na faida 769,205,104, malipo ya vifo 5,000,000, baki 764,205,104.

Mwaka wa 5: walipaji 982, ada 171,031,994, jumla na faida 981,998,952, malipo ya vifo 6,000,000, baki 975,998,952.

Siku muda unapotimia, watu 976 walio hai wanadai shilingi 976,000,000. Ndani ya mfuko zimo shilingi 975,998,952. Pungufu ni shilingi 1,048 tu, na limetokana na senti zilizoachwa. Hakuna aliyepunjwa, wala hapana fedha iliyobaki bila mwenyewe.

Jibu la swali la mkutanoni

Sasa mwanachama wa pili aweza kujibiwa. Yeye alilipa ada tano, jumla shilingi 870,835, akapewa shilingi 1,000,000. Laiti angeziweka fedha hizo mwenyewe kila mwaka kwa faida ile ile ya asilimia 5, mwisho wa mwaka wa tano angekuwa na shilingi 1,010,502. Kwa hiyo kujiunga na bima kumempunguzia shilingi 10,502. Hizo ndizo alizochangia, kwa miaka yote mitano, katika mafao ya waliofariki.

Mwanachama wa kwanza naye angekuwa amejiwekea peke yake, mwisho wa mwaka wa pili mjane wake angekuta shilingi 374,894. Kwa bima amekuta shilingi 1,000,000. Zile 625,106 zilizozidi hazikutoka kwa shirika la bima, wala si sadaka. Zimetoka kwa wenzake waliobaki, kila mmoja kwa sehemu yake ndogo. Na siku walipotia saini, hakuna kati yao aliyejua kama angekuwa miongoni mwa wale 976 au miongoni mwa wale 24. Kama kifo kingebisha hodi kwa huyu anayeuliza, mjane wake ndiye angepokea, na wengine ndio wangechanga.

Basi hakudhulumiwa. Alinunua vitu viwili, akavipata vyote: akiba yake aliipokea mkononi, na kinga ya familia yake aliitumia kila usiku wa miaka mitano, ingawa haikuhitajika.

Kuchagua bima inayofaa

Hesabu hiyo hiyo yafundisha jambo jingine. Kati ya kila ada ya shilingi 174,167, ni shilingi 4,562 tu zinazonunua kinga ya kifo. Mkulima mwenye watoto wadogo na kipato kidogo, ambaye hofu yake kubwa ni kufa kabla watoto hawajamaliza shule, huenda akafaidika zaidi na bima ya kifo pekee. Kwa fedha zile zile angeweza kupata kinga zaidi ya mara 38. Lakini lazima aelezwe wazi kwamba muda ukitimia naye yu hai, hatapata kitu. Kwa upande mwingine, mwenye nia ya kujenga nyumba au kulipa karo baada ya miaka kadhaa, na asiyeamini kwamba ataweza kuweka akiba bila kulazimishwa na makato, huifaa bima yenye akiba.

Kinga ya mikopo ya chama ni bima ya kifo pekee. Mkopaji akifariki, deni hulipwa na mashamba ya warithi hayaguswi. Mkopaji akimaliza deni akiwa hai, hadai kurudishiwa ada. Wanachama wengi hulalamika kwa kuwa huilinganisha bima hiyo na ile yenye akiba, ilhali hizo ni bidhaa mbili mbalimbali.

Mambo yaliyo nje ya mfano

Mfano huu umeacha mambo manne, nayo yapasa yafahamike.

Kwanza, gharama. Shirika la bima lina watumishi, ofisi, mawakala na uchunguzi wa afya. Gharama hizo huongezwa juu ya ada, na sehemu kubwa hutumika katika mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu anayevunja mkataba mapema hupata kidogo. Katika mfano huu, mwisho wa mwaka wa pili mfuko una wastani wa shilingi 368,914 kwa kila aliye hai. Lakini katika maisha ya kweli anayejitoa wakati huo hupewa pungufu ya hapo, na mikataba mingi haitoi chochote kabla ya ada za miaka 2 au 3 kulipwa. Mwanachama aliyekwama yafaa aulize kwanza kama mkataba waweza kubaki kwa kiasi kilichopunguzwa bila kulipa ada zaidi, kabla ya kuuvunja.

Pili, umri. Bei ya ahadi ya kifo hupanda kadiri umri unavyopanda. Anayepunguza miaka yake katika fomu hajisaidii. Umri wa kweli ukibainika, malipo hurekebishwa, na anayeumia ni mjane.

Tatu, bonasi. Baadhi ya mikataba huahidi sehemu ya faida ya shirika juu ya kiasi cha bima. Ada yake huwa kubwa zaidi, na bonasi ambayo haijatangazwa si ahadi.

Nne, kupanda kwa bei za bidhaa. Hesabu ya bima hulinda tarakimu. Hailindi thamani ya shilingi. Katika miaka ya 1980 bei za bidhaa nchini Tanzania zilipanda kwa kiasi cha robo au zaidi karibu kila mwaka. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, shilingi 1,000,000 inayopokelewa baada ya miaka 5 hununua vitu ambavyo mwanzoni vingenunuliwa kwa shilingi 269,000 hivi. Hapo akiba ya uhai huliwa na wakati, ilhali malipo ya kifo cha mapema hayaathiriki sana. Mwenye kukata bima ya muda mrefu na alipime jambo hili.

Wajibu wa chama cha msingi

Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 biashara ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwake peke yake. Leo makampuni ni mengi, na hati ni za namna nyingi. Wingi huo umeongeza uhuru wa kuchagua, na pia umeongeza wajibu wa viongozi wa vyama, kwa kuwa mwanachama huamini kinachopita katika ofisi ya chama chake.

Wajibu wa kwanza ni kupeleka makato kwa wakati. Mkulima akikatwa ada katika malipo ya mazao na fedha zikakaa katika akaunti ya chama, kwa shirika la bima yeye hajalipa. Mikataba huwa na siku chache za kungoja, mara nyingi 30. Zikipita, kinga hukoma. Akifariki wiki inayofuata, hesabu yote iliyoelezwa hapo juu haimsaidii mjane wake. Hakuna kosa la daftari lililo zito kuliko hili, na kamati ya usimamizi yapasa ikague stakabadhi za shirika la bima kila msimu, si orodha ya makato peke yake.

Wajibu wa pili ni majina. Hati isiyotaja mnufaika huipeleka familia katika shauri la mirathi, nalo huweza kuchukua muda mrefu wakati nyumba haina unga. Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, katibu na awaulize wanachama kama majina yaliyomo bado ni sahihi: watoto wamezaliwa, wengine wameoa, na wapo waliotangulia mbele ya haki.

Wajibu wa tatu ni kueleza. Kabla mwanachama hajatia saini au dole gumba, aambiwe ada yake inanunua nini upande wa kifo na nini upande wa uhai, na atapata nini akishindwa kuendelea. Wakala asiyeweza kujibu maswali hayo matatu aombwe arudi siku nyingine akiwa na majibu yaliyoandikwa. Malalamiko yasiyosikilizwa na kampuni yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Shilingi 10,502 kwa miaka mitano ni karibu shilingi 175 kwa mwezi. Kwa mchango huo wa watu 976, familia 24 zilikamilishiwa shilingi 1,000,000 kila moja. Jambo hilo si geni kwa wanaushirika. Ni kazi ile ile waliyoizoea ya kubebana mizigo, ila hapa imepimwa na kuandikwa, ili kila mmoja ajue ametoa nini na amepewa nini.